Kabla Hujafunga Nyingine

Fyuzi ilikatika hata kabla sijawasha redio. Nilichomeka waya wa umeme nyuma yake, swichi ikiwa bado imezimwa, nikasikia mlio mdogo wa "tak" na taa ya pawa saplai ikafifia. Nikaweka fyuzi nyingine ya ampea 20, nikachomeka tena. Tak.

Usiku uliotangulia nilikuwa hewani kwenye bendi ya mita 10. Mawimbi yalikuwa yanasafiri vizuri ajabu, vituo vya mbali vinaingia kama majirani, nami sikutaka kuondoka kwenye kiti. Mara sindano ya wati ikaanguka kutoka 100 hadi sifuri, pawa saplai ikajikata, na kwenye matundu ya feni ikatoka ile harufu ambayo ukishainusa mara moja huisahau tena. Nililala nikijua kwamba asubuhi nitafungua kifuniko na kukuta transista za mwisho, zile zinazosukuma nguvu kwenye antena, zimekufa.

Naandika haya kwa wenzangu wa redio za ridhaa ambao wana mtambo wa namna hiyo umelala kwenye rafu na wanafikiria kuagiza transista mpya. Ziagizeni, lakini msizifunge bado. Mimi nilizifunga siku ileile zilipofika, nikaishia kuzika jozi mbili badala ya moja.

Nianze na ile fyuzi, kwa sababu ilikuwa inasema kitu na mimi nilikisikia nusu tu. Kwenye redio nyingi za wati 100 zinazotumia volti 13.8, swichi ya mbele haikati umeme wa hatua ya mwisho. Kolekta za transista kubwa, yaani miguu inayopokea umeme mkubwa, zimeungwa moja kwa moja na plagi ya umeme, saa zote. Swichi inawasha zile saketi ndogo tu, na transista kubwa hukaa kimya kwa sababu besi zake, miguu inayoziamsha, hazijapewa umeme. Ndiyo maana fyuzi ikikatika redio ikiwa imezimwa, washukiwa huwa wachache: transista za mwisho zenyewe, au ile dayodi ya ulinzi inayokaa kwenye mlango wa umeme ili anayechomeka chanya na hasi kinyume akate fyuzi badala ya kuunguza redio nzima. Dayodi hiyo nayo huungua ikabaki imeshikana. Inyanyue mguu mmoja uipime kwanza. Ni kazi ya dakika tano, na nimeona redio ikivuliwa transista zake nzima bure, kumbe kilichokufa ni dayodi.

Yangu ilikuwa nzima. Nikaweka mita kati ya kolekta na chasisi: omu 0.3 kwenye transista ya kushoto, omu 0.3 kwenye ya kulia. Nikasema basi, zote mbili zimekwenda.

Hapo nilikosea, na ni kosa ambalo naona watu wengi wanalirudia. Katika hatua ya mwisho ya kusukuma na kuvuta, transista mbili zinapokezana mzunguko wa wimbi, na kolekta zao zinakutana kwenye transfoma ya kutokea, ambayo upande wake wa kwanza mara nyingi ni mirija miwili ya shaba ndani ya feraiti, yaani mzunguko mmoja tu. Mita ya umeme wa moja kwa moja haioni transfoma, inaona kipande cha shaba. Moja ikishikana, zote mbili zitasoma zimeshikana. Besi nazo ni hivyohivyo, zimeunganishwa na transfoma ya kuingilia. Huwezi kujua nani mfu na nani mzima mpaka unyanyue mguu kutoka kwenye bodi. Nilipozing'oa nikakuta ya kulia ina afya kamili: besi kwa emita, mguu wa tatu, inasoma volti 0.6 na kitu upande mmoja, na upande wa pili mita haisomi chochote. Aliyekufa alikuwa mmoja.

Ningetulia hapo, hilo lingenipa swali la kwanza: kwa nini mmoja tu?

Sikutulia. Niliagiza jozi mpya mahali palipokuwa rahisi zaidi. Kazi yenyewe ya kung'oa zile za zamani inataka subira kuliko nguvu. Transista za aina hii zina miguu mipana, bapa kama ulimi, na chini yake kuna shaba nyingi inayokimbiza joto. Pasi ndogo ya kulehemu ukiishikilia muda mrefu itababua bodi kabla risasi haijayeyuka. Inafaa pasi yenye ncha pana na wati za kutosha, uguse kwa muda mfupi, unyonye risasi kwa utambi wa shaba, kisha uingize kipande cha wembe au karatasi ya chuma chini ya mguu wakati unapoa. Ukivuta kwa nguvu, njia ya shaba inanyanyuka pamoja na mguu, na hapo umejiongezea ugonjwa mwingine.

Jambo moja la usalama nalisema kwa uzito. Ule weupe wa kauri ulio chini ya transista nyingi za nguvu za masafa ya juu, hasa zile za zamani, unaweza kuwa oksidi ya beriliamu. Ikiwa nzima haina shida. Vumbi lake likiingia mapafuni ni sumu ya kudumu. Usiipige tupa, usiivunje kwa nyundo ili uone ndani, na iliyopasuka usiipeperushe kwa mdomo. Watu huzifungua ili kuhakikisha kama ni za kweli. Mimi sifungui.

Jozi mpya ilifika. Nikapaka pesti ya joto, nikazifunga, nikalehemu, nikaunga mzigo bandia wa omu 50 badala ya antena, nikabonyeza maiki. Kwenye bendi ya mita 80, ya masafa ya chini, nilipata wati 95. Nilifurahi sana. Nikapanda hadi masafa ya juu, mita 10: wati 35, na bamba la kupozea likawa halishikiki.

Transista ya kweli iliyopimwa kwa ajili ya megahezi 30 haianguki hivyo. Transista ikinguruma chini na kukosa pumzi juu, mara nyingi ni kitu kingine kabisa kilichofutwa maandishi na kuandikwa upya. Baadaye nililinganisha na zile za asili: herufi zilitoka kwa asetoni, unene wa ukingo wa chuma ulitofautiana kwa sehemu ya milimita, na zote mbili zilikuwa na tarehe moja ilhali hazikufanana kwa sura. Lakini hazikufa kwa sababu ya ubandia wao. Hilo ndilo lililoniuma.

Zilikufa hivi. Nilizungumza kwa nguvu kamili kama dakika mbili, nikanyamaza huku bado nimeshikilia maiki. Ukinyamaza kwenye SSB, namna ya kurusha sauti bila wimbi la kuibeba, hakuna wimbi linalotoka, kwa hiyo sindano ya ampea inapaswa kurudi chini. Ikarudi hadi ampea 4, ikasimama kidogo. Halafu ikaanza kupanda yenyewe. Tano. Saba. Nilipoachia maiki ilikuwa imeshapita 12, na fyuzi ilikatika ikiwa imechelewa.

Jioni hiyo nilimweleza mzee mmoja ambaye tulikuwa tukikutana hewani kila wiki, fundi aliyeanza redio enzi za taa za vioo, kabla ya transista. Sikuwa na mtambo wa kumwita hewani, nikampigia simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Mwanangu, na aliyewaua umeshampata?"

"Aliyewaua nani, mzee?"

"Hao watatu. Unazika tu. Transista haifi kwa uzee. Taa ya kioo ikionewa ilikuwa inaiva nyekundu mbele ya macho yako, unapata muda wa kutoa mkono. Hii haikuonyeshi kitu. Imekufa, na fyuzi bado haina habari. Kwa hiyo ukishaona maiti, acha kutafuta jeneza, tafuta mkono."

Nilikaa wiki nzima nikitafuta mkono. Ilikuwa miwili, na wa pili ulikuwa wangu.

Transista za bipola zina tabia moja ambayo mtu akiielewa ameelewa nusu ya kazi hii. Volti inayohitajika kati ya besi na emita hupungua kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka. Ukiipa besi volti ileile isiyobadilika, transista ikipata joto itapitisha umeme zaidi. Umeme zaidi huleta joto zaidi. Joto huleta umeme. Gari limeachiwa mlimani. Kinachozuia ni dayodi ndogo ya bayasi, yaani ya ile volti inayoiweka transista tayari, ambayo waundaji huibana juu ya transista au kwenye bamba lake, ili ipate joto pamoja nayo na kuishusha volti ya besi kwa kiasi kilekile. Dayodi hiyo niliinyanyua ili pasi yangu ipate nafasi, na wakati wa kurudisha nikaiacha imening'inia hewani, milimita tatu hivi juu ya transista. Kwa macho ilikuwa mahali pake. Kwa joto ilikuwa nchi nyingine. Jozi ya pili niliiua mimi, kwa milimita tatu.

Kuhusu ile ya kwanza nilianza na antena. Kipimo changu kidogo cha SWR, uwiano unaoonyesha nguvu kiasi gani inarudishwa na antena, kilisoma 1.3 kwenye mita 10, safi kabisa, kama kilivyosoma miezi yote. Mzee akaniambia kipimo hicho kinarusha nguvu ya kubembeleza, nipime kwa nguvu ya kazi. Sikuwa na nguvu ya kazi. Nikaazima mtambo wa mwenzangu wenye ulinzi mzuri, nikaunga mita ya SWR katikati, nikarusha wati 80 huku natazama. Dakika ya kwanza, 1.3. Dakika ya pili, 1.3. Kisha sindano ikaruka hadi zaidi ya 5, na mtambo ule ukajipunguza wenyewe hadi wati chache. Nikasubiri dakika kumi, nikarudia: 1.3.

Ilikuwa plagi ya PL-259 upande wa juu, kwenye antena. Suka ya nje ya kebo haikuwa imelehemiwa barabara. Risasi ilikuwa imekaa juu ya shaba kama tone la maji juu ya mafuta. Ikiwa baridi iligusa. Ikipata joto la umeme mwingi ilitanuka ikaachia. SWR ya 3 tayari inarudisha robo ya nguvu. Ikifika mahali kebo imekatika kabisa, karibu yote inarudi, na volti kwenye kolekta, ambayo hata siku njema hupanda hadi mara mbili ya volti za pawa saplai, inaruka kupita kile transista inachovumilia. Anayekufa ni yule aliyekuwa dhaifu kidogo kuliko mwenzake. Ndiyo maana alikufa mmoja.

Ila redio yangu nayo ina ulinzi. Kwa nini haukufanya kazi? Nikafuata waya kutoka kwenye kipimo cha nguvu inayorudi hadi kwenye rezista ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi, nikakuta imegeuzwa mpaka mwisho wake. Redio niliinunua ikiwa imetumika, na kuna mtu kabla yangu aliyetaka wati chache zaidi akafungua kila alichokiona kinazuia. Wati alizopata hazikuwa na faida kwa yeyote aliyekuwa akimsikiliza, kwa sababu kutoka 100 hadi 115 masikio ya upande wa pili hayatofautishi. Nasema hili kwa hasira kidogo na sitaki kuificha. Rezista ile haikuwekwa pale ili kumnyima mtu.

Kuirudisha mahali pake kunahitaji kuidanganya redio kwa njia salama. Unganisha mizigo bandia miwili ya omu 50 sambamba kwa kiungo cha T. Unapata omu 25, na redio inaona SWR ya 2 kamili, isiyobadilika, isiyo na ghafla yoyote. Anza na nguvu ndogo, panda taratibu, na rekebisha mpaka mtambo uanze kujipunguza kama kitabu chake kinavyotaka. Sasa nafanya hivyo kwa kila redio iliyotumika inayopita mikononi mwangu, hata kama haina ugonjwa.

Jozi ya tatu niliichukua kwa muuzaji anayezipima na kuziuza zikiwa zimelingana. Ulinganifu si madoido: moja ikiwa na ukuzaji mkubwa kuliko nyingine, itabeba mzigo mkubwa, itapata joto zaidi, na mawimbi ya ziada ya mara mbili ya masafa yako yataongezeka kwenye kutoka. Kwa sababu hiyohiyo sikumrudisha yule mzima aliyebaki.

Kabla ya kuifunga nilipima kila kitu kilichokuwa jirani na marehemu. Transista ikishikana kati ya kolekta na besi, volti 13.8 huingia mahali palipozoea volti 0.6, na huko ina uwezo wa kuua dayodi ya bayasi, rezista za marejesho zinazodhibiti ukuzaji, hata transista za hatua ya nyuma. Nikakuta rezista moja ya marejesho imekatika ingawa rangi zake zilikuwa safi kabisa. Ingebaki hivyo, hatua ya mwisho ingeweza kuanza kupiga mluzi wake yenyewe kwenye masafa nisiyoyaona, na ningezika jozi ya tatu bila hata kugusa maiki.

Nilizifunga kwa skrubu kwanza, ndipo nikalehemu. Ukilehemu kwanza halafu ukakaza skrubu, miguu inavutwa na kauri inaweza kupasuka. Pesti ya joto nilipaka nyembamba, kiasi cha kuona chuma chini yake. Ikiwa nene inakuwa blanketi. Dayodi ya bayasi niliibana mpaka ikagusa, nikaipaka pesti nayo, nikaivuta kidogo kwa kibano kuhakikisha haitoki.

Kisha kuwasha. Rezista ya bayasi niliizungusha hadi chini kabisa. Kwenye waya unaopeleka umeme kwenye kolekta, na huo tu, niliweka taa ya gari ya volti 12 na wati 21. Kama kuna kitu kimeshikana, taa inawaka kwa nguvu na transista inaokoka. Haikuwaka. Nikaitoa, nikaweka ampea-mita mahali pake, redio kwenye SSB, sauti ya maiki sifuri, nikabonyeza. Nikapandisha bayasi polepole hadi miliampea 200 kwa jozi, kama kitabu cha redio hiyo kinavyosema. Halafu nikakaa nikiitazama kwa dakika tano: 200, 205, 205, 203. Nikarusha wati 50 kwa dakika moja, nikanyamaza: 210, na ikashuka. Sijui kama kuna namba nyingine iliyowahi kunifurahisha vile.

Mosfeti, transista za aina nyingine, zina mambo yake. Mitambo midogo mingi ya kujiundia hutumia IRF510, ambayo ilikusudiwa kuwasha na kuzima umeme, si redio, lakini inapatikana kirahisi. Watu wakizichoka huzibadilisha kwa RD16HHF1 iliyotengenezwa kwa redio hasa, na hapo ajali hutokea, kwa sababu umbo ni lile lile na miguu si ile ile. IRF510 ni geti, dreni, sosi, na bamba lake la mgongoni ni dreni, lazima liwekewe kizuizi cha umeme. RD16HHF1 ni geti, sosi, dreni, na bamba lake ni sosi, linafungwa moja kwa moja kwenye aluminiamu. Ukiihamisha bila kuvusha miguu umeshaiua. Bayasi nayo ni tofauti mno: IRF510 huanza kupitisha umeme popote kati ya volti 2 na 4 kwenye geti, kwa hiyo pozisheni iliyofaa transista ya jana inaweza kuwa kifo kwa ya leo iliyotoka kwenye pakiti ileile. Daima anza chini.

Na kwa wanaorusha FT8, ujumbe mfupi wa kidijiti kupitia kompyuta, kumbukeni kwamba inatuma kwa karibu sekunde 13 katika kila kipindi chake cha kutuma cha sekunde 15, kwa nguvu kamili isiyopumua. Mtambo wa wati 100 huvuta takriban ampea 20. Zaidi ya nusu ya nguvu hiyo haifiki kwenye antena, inabaki kuwa joto. Sauti ya binadamu ina mapumziko, FT8 haina. Mimi sizidishi wati 30, na bado nasikika mbali kuliko ninavyohitaji.

Nina kopo la bati lenye vijaluba. Kila transista iliyokufa mikononi mwangu imo, na kila moja ina karatasi ndogo: plagi ya antena, dayodi haikugusa, miguu imevuka, relei ya kichujio haikufunga. Wiki iliyopita mosfeti ndogo tatu za BS170 zilizofungwa sambamba kwenye mtambo mdogo wa Morse zilikufa kwa pamoja. Mpya tatu ziko mezani, bado ndani ya pakiti, kwa sababu karatasi ya zile za zamani bado ni nyeupe. Leo jioni naanza kuhesabu mizunguko ya waya kwenye koili za kichujio.